Alama ya Kidole

Mpira wa gofu ulisimama upana wa kidole kutoka kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, ambalo Baba Venanti alilifukia malishoni kijijini Titye liwe shimo.

Mama Venanti, aliyewekwa pale kufukuza ng'ombe, alichungulia bondeni. Mumewe alikuwa bado hajatokeza na fimbo yake ya gofu, aliyorudi nayo kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga. Duniani hakuna kilichomfurahisha mzee huyo kama kuuingiza mpira kwa pigo moja.

Mama Venanti akausukuma koponi kwa kidole cha mguu.

"Umeingia, Baba Venanti!"

Mzee akafika akihema, akautoa. Ubavuni palikuwa na alama ya kidole, udongo mwekundu mbichi. Akaifuta taratibu kwa shati lake.

"Na ule ulioingia Pasaka," akauliza kwa upole, "tuliouchinjia mbuzi?"

Mama Venanti akaanza kufukuza ng'ombe wasiokuwepo.