Moto wa Ng'ambo

Asubuhi hiyo moshi ulikataa kupanda. Ulitoka kwenye matanuri ya matofali ya nchi hii na ya nchi ile, ukakutana juu ya mto ulio mpaka wa nchi hizo mbili, ukalala papo hapo. Mgongoni mwa Mashavu mjukuu wake alikuwa akikohoa kikohozi kikavu na kuvuta pumzi kwa kukoroma, kisha ananyamaza. Kila akinyamaza, bibi alimtikisa kidogo.

"Zimeni nyie, mlioanza!" akapiga kelele kuelekea ng'ambo.

"Tuzime sisi, nyie mwendelee kuchoma? Hatudanganyiki, shemeji!" mwanamume akamjibu kutoka ng'ambo. Halafu nyuma ya sauti hiyo mtoto mwingine akakohoa, kikohozi kile kile kikavu.

Mashavu akaligeukia tanuri lake. Matofali yake yalibakiza siku moja tu yaive, na ndiyo chakula chao cha mwaka. Akateka maji mtoni, ndoo baada ya ndoo, akayamwaga kwenye mdomo wa tanuri. Tanuri likalia, matofali yakapasuka ndani.

"Langu nimelizima!" akaita.

Ng'ambo, mbele ya moto uliokuwa bado mwekundu, mtu alisimama ameinua kitu kwa mikono miwili. Mashavu akakodoa macho ndani ya moshi, asijue kama ni gogo la kuchochea moto au ni ndoo ya maji.