Mjadala wa Filamu ya Tisa

Sheria ya mtaa ilikuwa moja: aliyeshindwa katika mjadala wa filamu za Merikebu ya Nyota alifutwa kumbukumbu ya filamu aliyoitetea, pamoja na siku aliyoitazama. Mwaka jana Mzee Kibwana alimshinda Bi Mwanaidi kuhusu filamu ya pili. Sasa Bi Mwanaidi amebakiwa na tiketi tu, na nyuma yake mwandiko wa marehemu mumewe: "Leo tumecheka mpaka tukatolewa nje." Yeye hakumbuki kucheka.

Mwaka huu alimtega Kibwana aitetee ya tisa. Alijua Kibwana aliitazama na bintiye Raya, siku chache kabla msichana hajafariki. Kibwana mwenyewe ndiye aliyemsimulia, siku alipombebea mfuko wa unga hadi mlangoni.

"Hizi mpya zina roho, dada yangu," Kibwana alitamba ukumbini. "Zako za zamani nyota zinaning'inia kwa uzi!"

"Uzi tuliuona, na bado tuliogopa," akajibu Bi Mwanaidi. "Katika ya tisa nahodha amekufa mara tatu. Nani atamlilia mtu anayefufuka kabla bisi hazijapoa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wakapiga kura, Kibwana akashindwa, akaingizwa chumba cha pembeni.

Bi Mwanaidi alimngoja nje ayaone machozi yake. Kibwana akatoka akitabasamu, akamshika mkono.

"Umenishinda kwa haki, dada. Hebu niambie, wiki ile ya mwisho ya Raya wangu, nilimtoa hata siku moja tukatembea?"

Katika mtaa mzima, sasa ni Bi Mwanaidi peke yake aliyelijua jibu.