Matairi Mapana ya Pikapu ya Baba

Saa tatu asubuhi pikapu ya mzee ilikuwa imeinuliwa juu ya stendi, bila gurudumu hata moja. Pembeni yake alisimama mwanawe wa kwanza, mikono kiunoni, akisimamia kazi asiyoijua.

Mtaani walimwita Injinia. Alikuwa muuza mapazia. Jina hilo alilipata kwa kuwaeleza watu kasoro za magari yao, kwa sauti, bila kuulizwa.

Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, na mwanzoni mwa wiki alitangaza mezani kwamba suala la gari atalimaliza kabla ya Jumapili. Gari lilikuwa moja, watoto wawili. Mdogo, binti, ndiye aliyekuwa akimwendesha mzee kliniki, jambo ambalo Injinia aliliona kuwa njama. Lakini jana jioni mzee alimwita yeye, si dada yake, akamkabidhi funguo na pesa za matairi.

"Kesho lipeleke kwa fundi. Yaliyopo yamekwisha. Akimaliza, nipigieni."

Injinia hakuhitaji kuambiwa zaidi. Hakuwahi kuhitaji.

Pesa za mzee zilitosha matairi ya kawaida. Ili apate mapana, pamoja na rimu zake, Injinia aliuza makochi ya sebuleni. Mkewe alipouliza wageni watakaa wapi, alijibiwa kwamba watakaa kwenye gari.

"Fikiria mwenyewe," alimwambia. "Baba atampaje mtu mwingine gari lenye magurudumu yangu?"

Mkewe aliisogeza ndoo aliyokuwa ameikalia.

Sasa, kati ya seti mbili zilizoletwa kutoka dukani, fundi aliigeuzageuza rimu ya kwanza. "Hii imezidi upana. Tairi litatokeza nje ya madigadi, na kila ukikata kona litasugua."

"Litokeze. Watu wataonaje likijificha?"

"Mimi ningechukua zile za pili. Ni pana, lakini usukani hautakuwa mzito."

"Fundi, wa kuliendesha ni nani, mimi au wewe?"

Fundi alimtazama kwa muda, kama mtu aliyeulizwa swali gumu kuliko linavyosikika. "Zile za pili ndizo za bei ya juu," alisema hatimaye.

Injinia alizichagua papo hapo.

Kazi ikiwa katikati, dada yake alipiga simu. "Kaka, baba amekwambia gari ni lako?"

"Amenipa funguo."

"Amekupa funguo ulipeleke kwa fundi."

"Wivu utakuzeesha, mdogo wangu. Siku nikiwa na nafasi nitakupitia nikupeleke sokoni."

"Haya, kaka. Asante." Akakata simu bila kubishana. Injinia aliuhesabu huo kuwa ushindi.

Na fundi huyo alikuwa wa aina yake. Kila nati aliikaza, akarudi kuikaza tena. Plastiki ya ndani ya madigadi aliikata kwa wembe, taratibu, mpaka tairi likapata nafasi ya kuzunguka. Sehemu iliyokuwa na kutu, mahali ambapo hakuna mteja angeinama kutazama, aliipiga msasa na kuipaka rangi. Hakudai nyongeza. Kisha akarekebisha kiti, akarekebisha vioo, akaondoka na gari kwenda kulijaribu.

Alikawia. Aliporudi, mshale wa mafuta ulikuwa umepanda hadi juu.

"Umejaza tangi?" Injinia aliuliza.

"Lilikuwa karibu tupu."

"Niambie ni kiasi gani, nikulipe."

"Acha tu, kaka. Uliyoyafanya kwenye magurudumu yanatosha."

Injinia alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyezoea. Alikuwa na nadharia ya zamani kwamba dunia humheshimu mwenye gari, na sasa alikuwa ameithibitisha. Alipiga picha pikapu kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma. Mapana yale yaliipa pikapu kifua. Picha alimtumia dada yake, bila maneno, kwa huruma.

Saa sita alimpigia mzee na kuweka simu kwenye spika, ili na fundi asikie jinsi mtoto anavyoshukuriwa.

"Baba, limekamilika. Ukiliona hutalijua."

"Fundi yuko hapo?"

"Nipo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Limekuridhisha?"

"Limenizidi, mzee. Tulikubaliana matairi ya kawaida tu. Sikutarajia kama utaniwekea magurudumu ya namna hii."

"Hata mimi sikutarajia," alisema mzee. "Mwanangu, pesa zake za gari zilifika juzi. Mpe mwenyewe funguo zake."

Saa sita na nusu pikapu iliingia barabarani, fundi kwenye usukani, mke wa fundi, aliyekuja kulipokea gari, kando yake. Injinia alikaa nyuma, pamoja na matairi ya zamani.