Fungu la Sauti la Mama Hiza

Mzee Semkiwa hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na pumzi za ujana, na sauti pia ilikuwa imemwishia. Siku hizo kila mtu aligawiwa fungu lake la sauti la mwezi, maneno na muziki pamoja. Ukilizidisha, mita ya ukutani inakata umeme. Naye na wenzake wawili, wapiga saksafoni wa jazi, walikuwa na albamu ya kumaliza.

"Niazime lako, mke wangu," alibembeleza.

"Chukua, kapulize mpaka ushibe," akasema Mama Hiza, kisha akanyamaza mwezi mzima, akimwita mezani kwa kupunga mwiko.

Albamu ilipokamilika, mwenzake Kihiyo alicheka. "Mzee, saksafoni yako inagomba kama shemeji Mama Hiza!"

Semkiwa alirudi nyumbani mbio. "Mwezi umeisha, mama. Nigombeze basi, hata kidogo!"

Mama Hiza, aliyekuwa amenawiri kwa ule ukimya kama bi harusi, alitabasamu tu. Alikuwa akiiandikia idara ya sauti kwamba fungu lake, maisha yake yote, apewe mumewe. Akalamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi tarishi aliyekuwa akisubiri mlangoni.