Ukaguzi wa Jua kwa Mama Kanga

Uthibitisho wa Awali wa Kuwepo kwa Jua Katika Boma la Mwombaji: ndivyo kazi ilivyoitwa. Kanga alikuwa ameiomba serikali paneli ya sola, apate umeme wa mashine ya kutotolea vifaranga. Akatumwa Afisa Fuko, aliyefika kwa kuchimba chini ya ardhi, kama ada ya ukoo wake.

“Mama Kanga, jua liko wapi?” akauliza akiwa shimoni.

“Toa kichwa nje, mheshimiwa, likuchome!”

“Utaratibu hauruhusu. Huku nilipo ni giza tupu.”

“Mayai yangu yanaharibika, nawe wanipimia giza la shimo lako!”

Ombi likakataliwa. Paneli alipewa Fuko, kwa kuwa ndiye aliyethibitika kuishi gizani. Akafunikia mlango wa shimo, mvua isiingie.

Mayai yote ya Kanga yalioza.