Binti Nungunungu Achagua Matope

Palikuwa na Mama Nungunungu, mcha Mungu lakini mpenda sifa. Binti yake alitaka kusomea maisha ya kinamasini, akaitwa na vyuo viwili: cha Tai juu ya jabali na cha Chura matopeni.

"Nitakula nini?" binti aliwauliza wote wawili.

"Msimu ukiwa mzuri, tutakurushia chochote," alisema Tai.

"Mimi sina cha kuahidi, mwanangu," alisema Chura. "Ila hapa tunachimba pamoja, na tunakula tulichojifunza."

Binti akachagua kwa Chura.

"Matopeni!" mama alilia. "Na majirani nimeshawatangazia jabali, uso wangu nitauweka wapi?"

Ukaja ukame. Kule jabalini hakikurushwa kitu. Wanafunzi wa Tai wakateremka wamekonda, wakamkuta binti akiwaonyesha wanyama mizizi ya kinamasi inayolika.

"Shikamoo, mwalimu," wakamwambia. "Tufundishe na sisi."

Mama akapenya katikati ya umati, miiba imemsimama. "Mnamwona huyo? Nimemzaa mimi!"

Kisha akainamisha kichwa. "Ee Mola, nisamehe majivuno yangu." Akainuka tena. "Lakini mnamwona?"