Wiki ya Kisogo

Jumamosi hiyo katuni ya watoto ilimwonyesha Rehani, msichana wa miaka minane, kwa sura na jina lake, akikataa kumpa mkono mwenzake aliyemshinda mbio. Kila Jumamosi huonyeshwa mtoto mmoja, na watoto wote mtaani humpa kisogo wiki nzima ili ajifunze urafiki.

Siku ya nne, Mashavu, mtoto wa jirani, alimpenyezea kitumbua dirishani. "Kula upesi," alinong'ona.

Jumamosi iliyofuata, aliyeonyeshwa ni Mashavu, akipenyeza kitumbua dirishani. Mama yake Rehani alizima televisheni.

"Twende ukamwone mwenzio, mwanangu."

"Siwezi, mama. Leo wameniita nicheze."

Rehani akatoka mbio. Mashavu alipomwita kutoka kibarazani, Rehani ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa kisogo.